Vijiti Vinane vya Gari la Mokowe

Sisi ni watu wa Amu, kisiwani Lamu, na tuna gari. Nikimwambia hivyo mtu wa mtaani kwetu hucheka kwanza, kisha huniuliza naliendesha wapi, darini? Vichochoro vyetu vyenyewe punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Gari letu liko ng'ambo, Mokowe, chini ya kibanda cha makuti karibu na jeti, na kulifikia yabidi tupande boti. Wiki zile za kwanza nilikuwa nikivuka kwenda kulitazama na kulizungusha kidogo, kisha nikarudi. Watu niliopishana nao hapo gatini walikuwa wakiniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Gari lenu li hali gani? Lala vyema?"

Nami nilikuwa nawajibu, kwa sababu ulimi wangu haujawahi kujua kunyamaza.

Gari lilikuwa zawadi ya kaka yangu, ambaye ana biashara Mombasa. Nilipopata leseni yangu ya udereva, nina umri wa miaka arobaini na tisa, aliniagizia gari dogo la mtumba kutoka Japani, akamkodi dereva alilete Mokowe. Leseni nilikuwa nimeihangaikia Malindi, nikilala kwa jamaa zetu, na mwalimu wangu alinambia kila siku kwamba naikanyaga breki kama mtu anayeua mende. Nilivumilia. Niliyavumilia yote kwa sababu ya mama.

Mama anakaa nami katika nyumba yetu ya kale. Magoti yake ni mabaya, na miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia aliugua homa iliyomwacha mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Tangu hapo hakuvuka maji. Mdogo wake, ambaye ndiye nduguye wa pekee aliyebaki, yuko Kililana, katika shamba walilozaliwa wote wawili, lenye kisima walichokuwa wakichota pamoja utotoni, na kila baada ya sala ya alasiri walikuwa wakizungumza kwa simu. Wanapiga kelele, maana wote wawili hawasikii vizuri, hata jirani zetu wanajua mwaka huu simsim ya Kililana imeota vipi. Kutoka Mokowe kwenda huko watu hupanda bodaboda, na mama kwa magoti yale bodaboda haiwezi. Gari za kukodi zipo, lakini kaka hakutaka mama apelekwe na mtu asiyemjua. Na mimi, niseme ukweli, nilitaka nimpeleke mwenyewe. Nilitaka watu wanione.

Kila mama alipolitaja shamba, tulimjibu neno moja. "Ukipata nguvu kamili, mama. Ukipata nguvu kamili tutakwenda." Kaka alilisema kwa simu, mimi nililisema nikimmiminia uji. Mama alijibu "Inshallah," akageuza uso upande wa dirisha.

Sasa, gari lile ni la haibridi. Maana yake lina injini ya petroli na lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, na viwili hivyo husaidiana kulisukuma. Mbele ya usukani kuna kioo, na kwenye kioo kuna picha ya betri yenye vijiti vinane. Maandishi yote ni ya Kijapani, lakini vijiti ni vijiti. Kazi yangu mimi ni kushona kofia, zile nyeupe za mkono zenye nakshi ya vitundu, na mshona kofia anahesabu hata akiwa usingizini. Kitu cha kwanza nilichofanya siku niliyokalia kile kiti, kabla hata ya kufunga mkanda, ni kuhesabu vijiti vya betri. Vilikuwa sita.

Kwetu betri tunaijua. Tunayo ya sola juu ya paa, tunayo ya boti, tunayo ya simu. Na desturi ni moja: unaijaza kwanza, ndipo unaitumia. Hakuna nahodha mwenye akili anayetoka na betri nusu. Basi nikajipangia hesabu yangu. Nitalizoeza gari hili hapa Mokowe mpaka vijiti vijae vinane, na siku hiyo vitakapojaa nitavuka nikamchukue mama, tuende Kililana bila wasiwasi.

Lo! Vijiti havikujaa.

Nilikwenda mpaka mwisho wa maduka nikarudi, vikawa vinne. Safari iliyofuata vilikuwa vitano. Siku moja vilifika saba, nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari, "Bado kimoja! Bado kimoja!" na kabla sijafika kituo cha petroli vilikuwa vimerudi vitano. Nilikasirika nikaupiga usukani kofi. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Nyumbani mama aliniuliza kila nikirudi, "Yeo je?" nami namjibu bado, mama, halijajaa.

Kwa kuwa sina subira ya kalamu, nilianza kuvishona vijiti. Nilichukua kipande cha kitambaa cha kofia kilichobaki, na kila niliposimamisha gari, iwe kwenye tuta au mbele ya duka, niliichomoa sindano kwenye mtandio wangu nikatia mishono kadiri ya vijiti nilivyoviona. Sita, mishono sita kwenda juu. Vinne, mishono minne. Safu baada ya safu, kwa uzi wa hudhurungi. Wenye bodaboda walikuwa wakinipita na kunitazama, mwanamke ameketi kwenye usukani anashona. Waliona ni wazimu tu wa watu wa kisiwani.

Na kulikuwa na jambo la pili lililonitia kiwewe. Injini ilikuwa inanyamaza. Mara ya kwanza ilitokea kwenye tuta. Nimeinua mguu, gari limepunguza mwendo, mara kimya. Kimya kabisa! Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye boti, na kwa mtu wa boti injini ikinyamaza huna usemi tena, maji yanakupeleka yatakako. Nikapiga kelele, "Tia nanga!" Hakukuwa na mtu ndani ya gari. Nililiacha likiserereka mpaka kando ya barabara, nikashuka, nikasimama mbali nalo. Baadaye nilipolikanyaga tena lilikwenda, lakini imani iliniisha.

Ndipo nikafanya kosa la kumweleza kaka.

Nilimpigia Jumatano nikamwambia yote: halijai, na linazima lenyewe. Kaka ni mtu wa maamuzi ya haraka. Alikwenda kwa fundi mmoja huko Mombasa, fundi hakuliona gari, akamwambia betri hiyo imechoka, heri aliuze gari kabla haijafa kabisa. Kaka akanipigia. "Nakuja Jumamosi kulichukua," akasema. "Sitaki ukwame porini na mama."

"Kaka, ngoja kwanza nielewe."

"Uelewe nini? Hata wewe mwenyewe umesema halijai. Mama mwenyewe hana nguvu, na gari halina nguvu. Mtakwama wawili."

Alikata simu. Nilibaki nimekaa kwenye kibaraza cha ndani, na hasira zangu zote zilikuwa juu ya kinywa changu mwenyewe. Chumba cha pili mama alikuwa akimwambia mdogo wake kwenye simu kwamba gari liko tayari, linangojea kujaa tu. Nilikuwa na siku mbili.

Alhamisi asubuhi nilivuka na waya. Waya mrefu wa umeme, ule wa harusi tunaowashia taa uwanjani, nimeuzungusha begani kama kamba ya punda. Nilikuwa nimekata shauri: kama gari halijai kwa kutembea, nitalichaji kwa stima mpaka lijae, nimwonyeshe kaka vijiti vinane kwa macho yake. Nikamwomba mwenye duka karibu na kile kibanda anipe soketi. Akanipa. Nikaja na ncha ya waya mkononi, nikaanza kulitafuta tundu la kuchomekea. Nilizunguka mbele, nilizunguka nyuma, nikapiga magoti nikachungulia chini. Tundu nililolipata ni moja tu, nalo ni la petroli.

"Mama, unataka kuichoma?"

Alikuwa dereva mmoja wa teksi, mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, ametoka bara zamani na kuishi hapo Mokowe miaka mingi. Nilikuwa nimewahi kumwona mara nyingi jetini akingoja abiria. Alikuwa amesimama na kikombe cha chai, na nyuma yake walikuwa wamejikusanya watu wengine kadhaa, wote wamepata sinema ya bure.

"Nataka kuitia chaji," nikamwambia kwa ukali. "Haijai."

"Hii?" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Hii haichomekwi popote, mama. Na haijai. Haijatengenezewa kujaa."

Nilisimama na waya wangu. Nadhani ni maneno ya ajabu zaidi niliyowahi kuambiwa kuhusu betri. "Haijatengenezewa kujaa vipi?"

"Washa twende, nikuonyeshe."

Tulishika barabara iendayo mji wa Hindi, mimi kwenye usukani na yeye pembeni na kikombe chake. Alinibonyezea kitu kwenye kioo, ikatokea picha ya gari yenye mishale. "Sasa kanyaga mafuta. Umeona mshale? Umetoka kwa betri unaenda kwa magurudumu. Betri inafanya kazi, kwa hivyo itashuka. Sasa lile tuta mbele, achilia mguu. Kanyaga breki polepole. Polepole, mama! Si nyoka!"

Niliikanyaga polepole. Na mshale ukageuka! Niliuona kwa macho yangu ukigeuka, unatoka magurudumuni unarudi kwenye betri, na injini ilikuwa imenyamaza kimya, na kijiti kimoja kikaongezeka. Vinne vikawa vitano. Nikapiga kelele kiasi kwamba dereva akashika mlango.

"Ule mwendo ambao breki za gari zingine zinaupoteza bure," akasema, "hii inaukusanya, inaufanya stima. Lakini kama betri imejaa tele, hiyo stima itaiweka wapi? Ndiyo maana inaacha nafasi juu. Na chini pia inaacha. Ikifika vijiti viwili inawasha injini yenyewe, inajilisha. Haikubali iishe, na haitaki ijae. Hapo katikati ndipo maisha yake."

"Kwa hivyo viwili si ugonjwa?"

"Viwili ni kawaida. Vinane ndio nadra."

"Na kunyamaza?"

"Kunyamaza ni kupumzika tu. Haina haja ya injini wakati huo."

Nikamwuliza swali la kaka. Betri ikiwa imechoka kweli, mtu anajuaje? Akaniambia betri mbovu inaruka. Vijiti saba, ukipepesa macho tu, viwili, mara saba tena, huku umesimama palepale. Hapo kuna kazi ya fundi. Nzima hupanda na kushuka kijiti kimoja kimoja.

Nikalisimamisha gari palepale kando ya barabara, nikatoa kile kitambaa mkobani, nikakikunjua juu ya usukani. Wiki tatu za mishono ya hudhurungi. Sita, tano, nne, tano, sita, saba, sita, tano. Nilizifuata safu kwa kidole moja baada ya moja. Hapakuwa na mruko hata mmoja. Dereva alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Wewe," akasema, "ni fundi gani wewe?"

"Wa kofia," nikamjibu, na nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Kabla hatujarudi alinionyesha jambo moja zaidi. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna kidirisha kidogo cha plastiki chenye matundu, ambacho mimi nilikiona pambo tu. Akaniambia hiyo ni pua ya betri, hapo ndipo inapovuta hewa, na ikizibwa na mzigo itachemka ndani na feni italia kwa nguvu. Nikamwahidi kwamba hakuna mzigo utakaoigusa. Nilirudi Amu na waya wangu begani, natembea kama mtu aliyefuzu mtihani wa serikali, na waliponiuliza gatini gari li hali gani niliwajibu, "Li hali njema kuliko nyinyi!"

Mama nilimkuta kwenye kiti chake cha dirishani. Nilimwaga habari yote kwa pumzi moja, mishale, breki, tuta, pua, wala sidhani alielewa hata nusu. Alinyoosha mkono akachukua kitambaa. Mama naye alishona kofia maisha yake yote mpaka mato, yaani macho, yalipomgomea, kama asemavyo mwenyewe, na mpaka leo akipewa kazi huisoma kwa vidole. Aliipapasa ile mishono kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hini si nakshi ya kofia," akasema.

"Ni chaji ya gari, mama. Hivyo ndivyo linavyopanda na kushuka."

"Hini ni mai." Mama akisema mai anakusudia maji, ndivyo wasemavyo wakubwa wetu. "Tazama. Yayaa, yapwa. Yayaa, yapwa. Nawe ulikuwa wangoja yayae yakae papo?"

"Nilikuwa nangoja yajae, mama."

"Na yakikaa yameyaa siku zote, chaza wa mwambani tutatoa saa ngapi?"

Nikacheka. Nilimbusu mkono nikamwambia ninge­mwita yeye kwanza kabla ya fundi. Lakini yeye hakucheka. Alikishika kitambaa kwa muda mrefu, akikipapasa pale safu zilipokuwa fupi kabisa, kisha akakikunja akakifunga kwenye pindo la kanga yake, pale anapofunga vitu vyake vya thamani. Mimi nilikuwa nimeshainuka, nina haraka ya kumtafutia viatu vya safari, sikuliwaza jambo lile.

Jumamosi kaka alifika Mokowe na basi kutoka Mombasa, ana begi kubwa na ana ufunguo wa pili wa gari mfukoni, ule aliokuwa amejibakishia. Alinikuta nimesimama pale kibandani. Kisha akamwona mama, amekaa kiti cha mbele ndani ya buibui lake jipya, mkanda umefungwa, mkoba mapajani.

"Mama!" Kaka alishtuka kweli. "Nani amekuvusha? Wewe huna nguvu!"

"Ngia garini, mwanangu," mama akamwambia. "Yua lapanda."

Kaka alinigeukia mimi na macho yake yakasema mengi ambayo mbele ya mama hayasemeki. Nikamwambia taratibu, "Tupe mpaka Kililana. Likituzimia njiani, lichukue, nami sitafungua kinywa tena."

"Wewe? Hutafungua kinywa?" Hata yeye lilimtoka tabasamu. Akaingia nyuma na begi lake.

Tulianza na vijiti vitano. Tuta la kwanza injini ikanyamaza, kaka akasema, "Limezima!" nikamwambia limepumzika. Tuta la pili akasema tena, nikamwambia tena. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na anatazama kila kitu: mihindi, mbuzi, vibao, mabati mapya. Kila alipokiona kitu anachokijua alikitaja, na alipokiona asichokijua alisema, "Na hini je?" Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akiuliza maswali mengi namna ile.

Kisha nyuma feni ikaanza kulia. Ililia kwa nguvu, kama mashine ya kukaushia nywele, na kaka akaruka. "Unasikia? Unasikia hiyo? Ndiyo betri inakufa hiyo!"

Nilitazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma nikaona. Begi lake kubwa alikuwa amelisukumiza pembeni mwa kiti, limeegemea pale pale kwenye kidirisha cha matundu.

"Kaka," nikasema, na utamu wa dakika ile ninao mpaka leo, "ondoa begi lako. Umeiziba pua."

"Pua ya nani?"

"Ya betri. Yashindwa kupumua. Lipakate."

Alilipakata begi magotini kama mwanafunzi. Tulikwenda kidogo, feni ikapunguza, ikatulia. Mama akasema, "Alhamdulillahi, imepumua."

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa mbele. Kwenye kizuizi cha barabara ya kuelekea bandari mpya tulikuta foleni ya malori, na ikabidi tusimame. Jua lilikuwa kali, sikuweza kumwacha mama kwenye joto, nikaacha kipoza hewa kinafanya kazi. Gari limesimama, injini imenyamaza, betri peke yake inatupoza. Vijiti vikawa vinne. Malori hayakusogea. Vikawa vitatu. Kaka alikuwa amejipenyeza kichwa kati ya viti viwili vya mbele, anahesabu kwa sauti.

"Vitatu. Nilikwambia. Vitatu."

Nilijua niliyoambiwa, lakini kuambiwa ni kitu kingine, na kukaa kwenye foleni na mama yako ni kitu kingine. Kikashuka kingine.

"Viwili!" kaka akasema. "Zima hicho kipoza hewa! Zima tumsaidie mama ashuke!"

"Hashuki mtu," nikasema. Ndani yangu nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni chuo cha Kurani. Viwili vile vilikaa hapo, vimebadilika rangi, na mimi sikuvibandua macho. Nikawaza, kama dereva wa Mokowe alinidanganya, namrudia na ule waya.

Hapo, bila mimi kugusa kitu, sakafu ilitetemeka kidogo chini ya miguu yetu na injini ikawaka. Yenyewe! Mshale ukageuka kuelekea kwenye betri. Tulisubiri. Vitatu. Malori yakaanza kusogea. Nikamsikia mama akisema kwa sauti ndogo, kama mtu aketiye mbele ya maji, "Yashaanza kuyaa."

Nilicheka kwa nguvu, na machozi yalikuwa yananitoka, na askari wa kizuizini aliponiuliza ninatoka wapi nilimjibu, "Amu, kwa gari!" Alidhani namtania.

Mama mdogo, yaani huyo mdogo wake mama, alikuwa amesimama njiani mbele ya shamba tangu asubuhi. Hatukumpigia simu, mama mwenyewe alimpigia alfajiri kutoka chumbani kwake, kwa kunong'ona, na kwa masikio yao sijui walisikilizana vipi. Nilisimamisha gari polepole kabisa, breki ya kufundishwa, wala vumbi halikuruka. Mama alifungua mlango peke yake. Walishikana wale wazee wawili, hawakulia mara moja, walipapasana kwanza nyuso na mabega kama wanaotafuta kilichopungua.

Kisha mama mdogo akamshika mama mikono yote miwili akamtazama. "Dada," akasema, "miaka mine. Mai hayo tu hapo katikati. Kwa nini usiye kwangu?"

Mama aliingiza mkono ndani ya buibui akafungua pindo la kanga. Akatoa kile kitambaa changu, akakikunjua, akamwekea mdogo wake kidole pale kwenye safu fupi kuliko zote.

"Mimi ndiye huyu," akasema. "Wanangu walinitia chaji. Wangoja niyae."

Mama mdogo aliangua kicheko, na mama akacheka naye, wakashikiliana wasianguke. Na sisi tulicheka, lakini sisi kicheko chetu kiliisha mapema. Nilimtazama kaka. Alikuwa bado amelipakata begi lake, amesimama kando ya gari, na anatazama chini. Ukipata nguvu kamili, mama. Mara ngapi tuliyasema? Na kwa mapenzi, Mungu ni shahidi, kwa mapenzi matupu.

"Mama, pumzika kwanza," kaka akasema hatimaye, kwa mazoea tu. "Kaa kitini kidogo upate…"

Hakumaliza. Akatia mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wa pili, akanitilia kiganjani akakifumba kiganja changu kwa mkono wake. Tulipoinua macho, mama hakuwa pale tena. Alikuwa amemshika mdogo wake mkono, na kwa magoti yale mabaya alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kisimani.